Mtungi mkuukuu wa gesi: Mali kwa fundi mwangalifu, mauti kwa mwenye pupa

Na MWANDISHI WETU

UKIPITA Kamukunji, Gikomba au Shauri Moyo jijini Nairobi siku ya kazi, masikio hutangulia macho kukujulisha kwamba umefika. Ni nyundo juu ya chuma tangu asubuhi hadi jua lizame. Huku bati linageuzwa sanduku la mtoto anayekwenda shule ya bweni. Kule springi ya gari inafuliwa panga, na rimu ya gurudumu inatiwa mnyororo iwe kengele ya shule.

Mafundi wetu wa jua kali hawatupi kitu. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo lilianza kuenea nchini mapema katika miaka ya 1980, lilitoka katika mikono hiyohiyo na katika vyuma hivyohivyo ambavyo wengine walikuwa wameviita takataka. Ni ufundi uliowasomesha watoto wengi na kuwajengea wazazi wengi nyumba mashambani.

Katika miaka ya karibuni, kitu kingine kimeingia kwa wingi katika biashara ya vyuma vikuukuu, nacho ni mtungi wa gesi ya kupikia. Kadiri jikoni mwetu makaa na mafuta taa yanavyoipisha gesi, ndivyo mitungi iliyoshika kutu, iliyobonyea au iliyoharibika valvu inavyozidi kuonekana kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma.

Kwa fundi, mtungi huo ni kishawishi kikubwa. Bati lake ni chuma cha pua chenye unene wa milimita mbili au tatu hivi, limekwisha kupindwa vizuri, na kitako chake ni cha mviringo. Ukiukata katikati unapata mabakuli mawili makubwa: jiko la kuchomea nyama, tanuri dogo la mhunzi, karai la moto au kengele yenye sauti inayofika mbali.

Lakini papo hapo ndipo penye shimo. Mtungi huo ukikatwa na mtu asiyejua desturi zake, huweza kulipuka mikononi mwake kama bomu. Na anayelipukiwa si yeye peke yake. Karakana zetu nyingi zimebanana, huyu anapiga rangi, yule anauza chai, na mara nyingi mtoto aliyefunga shule yuko papo hapo akimshikia baba yake chuma.

Kwa nini mtupu si mtupu

Wengi hudhani kwamba hatari iko katika mtungi uliojaa, na kwamba uliokwisha hauna neno. Ukweli ni kinyume. Mtungi wenye gesi hauna hewa ndani yake, na gesi pasipo hewa haiwaki. Ule ulioitwa mtupu, ambao valvu yake imelegea au imeng'olewa na hewa ikapata kuingia, ndio unaosubiri cheche tu.

Tuangalie mambo yalivyo. Gesi ya kupikia ni propani na butani. Ndani ya mtungi, kwa sababu ya shinikizo, hukaa ikiwa majimaji. Valvu ikifunguliwa, majimaji hayo huchemka bila moto wowote yakawa mvuke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri, na lita moja ya majimaji yake hutoa takribani lita 270 za mvuke.

Mvuke huo huwaka ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi fulani: kuanzia karibu sehemu mbili katika mia hadi sehemu tisa na kitu. Sasa chukua mtungi wa kilo 13. Nafasi yake ya ndani ni kama lita 30. Sehemu mbili katika mia za lita 30 ni zaidi kidogo ya nusu lita ya mvuke. Na ili kupata mvuke huo hayahitajiki majimaji zaidi ya nusu ya kijiko cha chai.

Nusu ya kijiko cha chai, msomaji! Hakuna mtu awezaye kuutikisa mtungi akasikia nusu ya kijiko. Ndiyo maana fundi anayesema "nimeutikisa, hauna kitu" amejidanganya mwenyewe.

Zaidi ya hayo, gesi inayotumika miaka na miaka huacha mafuta mazito chini ya mtungi. Mafuta hayo yakiwa baridi hayatoi mvuke mwingi, lakini fundi akianza kuchomelea au kukata kwa moto, joto huyaamsha. Hivyo mtungi uliokuwa salama saa nne waweza kuwa hatari saa tano.

Pua nayo haiaminiki. Ile harufu kali tuijuayo si ya gesi yenyewe bali hutiwa ili tukiivuja tuitambue. Kutu iliyo ndani ya chuma huweza kuinywa harufu hiyo, gesi ikabaki bila kunuka. Aidha, mtungi uliokwisha kuoshwa vizuri huweza kuendelea kunuka kwa siku nyingi hali hakuna gesi tena. Kwa hivyo harufu ni onyo la kuheshimiwa, lakini kukosekana kwake si cheti cha usalama.

Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni nzito mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikitoka haipai juu kama moshi. Hutambaa chini, ikaingia kwenye mitaro, mashimo na chini ya meza, hadi ikutane na jiko la muuza chai hatua kadhaa kutoka hapo.

Nguvu ya gesi hii wakazi wa Embakasi, Nairobi, waliiona usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka katika eneo la Mradi. Watu kadhaa walikufa, mamia wakajeruhiwa na makazi yakateketea. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Ni kweli lori si mtungi mmoja. Lakini kilichowaka ni kitu kilekile kilichomo jikoni mwako.

Kwanza, mtungi ni wa nani?

Kabla ya kushika msumeno, fundi ajiulize swali hili. Mtungi wenye jina la kampuni kwa kawaida ni mali ya kampuni hiyo, nawe ulilipa amana ili uutumie. Ukiharibika, mahali pake ni kwa muuzaji wa gesi, ambaye anaweza kuurudisha kwa mwenyewe. Kina mama wanaowauzia mitungi vijana wa mikokoteni wangefanya vyema kuuliza dukani kwanza, kwani huenda amana ile ikawa na thamani kuliko bei ya chuma kwa kilo.

Fauka ya hayo, biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake, ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanyabiashara kuwa na leseni. Fundi anunue kwa mwenye leseni na adai risiti. Mtungi wa wizi huweza kumfikisha kortini hata kabla haujamlipukia.

Pili, ni mtungi wa nini? Si kila chombo chenye umbo la mtungi kilikuwa na gesi ya kupikia. Mitungi ya asetilini, ile ya kuchomelea, ndani yake mna kitu kama sponji kilicholoweshwa kwa asetoni. Huo haukatwi kamwe, hata uwe umekaa miaka mingapi. Mitungi ya gesi ya friji nayo ikipata moto mkali mabaki yake hugeuka hewa yenye sumu. Na ule ambao rangi na maandishi yamefutika usijue ulibeba nini, uache. Chuma hakitaisha Nairobi kwa sababu umeuacha mtungi mmoja.

Hatua kwa hatua

Tunazozieleza hapa ni hatua zinazofuatana, na hakuna inayorukwa. Ambaye hana vifaa, mahali wala subira ya kuzitimiza zote, asianze.

Kuondoa gesi. Njia bora ni kumpelekea muuzaji wa gesi aliyeidhinishwa akaitoa kwa vyombo vyake. Valvu nyingi za mitungi yetu hujifunga zenyewe mara regyuleta inapotolewa, kwa hiyo mtungi kutopiga mluzi si ushahidi kwamba umekwisha. Kama mabaki ni ya kutumika, yatumie jikoni hadi moto uzime wenyewe. Usiupindue mtungi ukaimwaga gesi, kwani majimaji yake huunguza ngozi kwa baridi kama moto uunguzavyo kwa joto.

Yako mambo mawili yatakayokusaidia kujua kama pamebaki kitu. La kwanza ni kuupima. Kwenye shingo au ukosi wa mtungi hupigwa muhuri wa uzito wake ukiwa mtupu. Uweke kwenye mizani. Ukizidi uzito huo, mna kitu ndani. Ingawa ukiwa sawasawa, kumbuka kwamba mizani ya kupimia vyuma haiwezi kuona ile nusu ya kijiko. La pili ni baridi. Mtungi uliofunguliwa ukatokwa na jasho au umande ubavuni bado una majimaji yanayochemka. Mahali kama Limuru au Molo asubuhi, butani huchelewa sana kutoka, kwa kuwa huchemka karibu na nyuzi sufuri.

Kung'oa valvu. Kazi hii hufanyiwa nje, uwanjani, mbali na moto, mitaro, sigara, swichi na watu. Mtungi ufungwe kwa nguvu kwenye nguzo au jiliwa usizunguke. Tumia spana ndefu, uifungue valvu kwa kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa, polepole, ukisimama kando na wala si juu yake. Ukisikia mluzi, acha, ondoka, ungoja hadi unyamaze. Valvu iliyozibika huweza kuficha shinikizo, na valvu ya shaba ikiruka ni risasi.

Ikikataa kutoka, usiipashe moto. Usiigonge kwa nyundo ya chuma. Mpelekee mwenye vifaa vya kazi hiyo, au uuache mtungi huo uende zake.

Kuosha. Ujaze mtungi maji hadi yafurike. Maji yanapopanda husukuma mvuke nje. Uache siku nzima, uyamwage. Kisha utie maji ya moto na sabuni ya unga, uutikise vizuri ili yale mafuta mazito yang'oke, umwage, usuuze. Rudia mara kadhaa, hadi maji yatoke bila utando wa mafuta. Maji hayo yananuka na yana mafuta. Usiyamwage kwenye mtaro wa nyumba, mtoni wala karibu na kisima.

Kumwaga maji mara moja na kuita kazi imekwisha ni kosa. Maji yakitoka, hewa huingia mahali pake, na kama mafuta yamebaki, umerudi palepale ulipoanzia.

Mkato wa kwanza. Hapa ndipo penye uhai na mauti. Ujaze mtungi maji tena, hadi mdomoni, uache mdomo wazi. Mahali penye maji hapana pa mvuke kukaa. Kisha ukate kwa msumeno wa chuma wa mkono, polepole, ukiutia maji. Si grainda, si moto wa gesi, si weldingi. Cheche za grainda ni chembe za chuma zilizopata moto mwekundu, nazo zinatosha kabisa kuwasha mvuke. Tena grainda ya umeme na maji ni maadui. Ukinusurika mlipuko utakufa kwa umeme.

Kumbuka pia kwamba maji ya lita 30 yana uzito wa kilo 30, ukiongeza na chuma chenyewe. Mtungi ukibingirika utakuvunja mguu. Uutie vigingi pande zote mbili.

Ni kazi ya jasho. Mzunguko wa mtungi ni karibu mita moja, na msumeno wa mkono utakula muda na labda makali mawili au matatu. Kijana mwenye haraka ataona ni upuzi, kwa kuwa grainda ingemaliza kwa dakika chache. Mwambie kwamba dakika hizo chache ndizo zinazowajaza watu kwenye wodi ya walioungua.

Kusafisha ndani. Mtungi ukishafunguka, sugua ndani kwa brashi ya waya iliyoloweshwa na sabuni hadi chuma king'ae, usuuze, uuanike juani. Sasa, na sasa tu, ndipo grainda na weldingi zinaweza kukaribia.

Viwandani hutumiwa njia nyingine, kama vile kuuchemsha mtungi kwa mvuke wa maji au kuujaza gesi isiyowaka kama naitrojeni, na kupima ndani kwa kifaa kinachosoma kiasi cha mvuke. Kifaa hicho ni ghali kwa fundi mmoja, lakini si ghali kwa chama. Ikiwa chama cha jua kali chenye wanachama mia moja kinaweza kuchangia harusi na matanga, kinaweza kuchangia kifaa kimoja cha kupunguza matanga.

Sheria imesemaje?

Jambo hili halikuachiwa hiari ya fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inakataza kuchomelea au kukata kwa moto chombo kilichowahi kuwa na kitu kinacholipuka au kuwaka, mpaka hatua zote zinazowezekana zichukuliwe kukiondoa kitu hicho na mvuke wake, au kuufanya usiweze kuwaka. Nchi nyingine, zikiwemo Uingereza na Marekani, zina masharti ya namna hiyo, kwa kuwa nako watu wamekufa kwa kukata mapipa na mitungi iliyoitwa mitupu.

Sheria ya fidia ya mwaka huohuo nayo inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini tuseme ukweli: fundi wetu wa jua kali ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa. Akiumia, hakuna ofisi itakayomlipa mshahara akiwa kitandani. Kodi ya nyumba haingoji kidonda kipone, na karo ya muhula ujao haijui kwamba baba ameungua mikono yote miwili. Kwa fundi, mikono ndiyo shamba, ndiyo duka na ndiyo bima.

Ufanyie nini chuma chako?

Ukishapata chuma kilicho safi, kazi za kufanya si haba.

Kazi iliyo rahisi ni kengele. Kata kitako, tundika juu, na kanisa au shule ya kijijini itakuwa na sauti ya kuita watu. Haihitaji kuchomelea sana.

Jiko la kuchomea nyama lina soko kubwa. Kata mtungi kwa urefu wake, tia bawaba na wavu, na miguu minne. Hapa kuna sharti: rangi ya zamani itolewe kabisa, kwani rangi nyingine za kale zina risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Iparure ikiwa imelowa, usiipige grainda ikiwa kavu ukajaza vumbi lake mapafuni. Na usiungie jiko la chakula chuma kilichopakwa zinki, kwani zinki ikipata moto hutoa moshi unaomtia mtu homa. Washa moto mkali mara mbili au tatu pasipo chakula kabla ya kumkabidhi mnunuzi.

Kwa anayependa kufua vyuma, nusu ya mtungi hufanya tanuri zuri la mhunzi. Toboa kitako, upachike bomba la kupitishia hewa ya mvukuto au feni. Chuma tupu hakitahimili moto huo kwa muda mrefu; kikandike ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, unene wa sentimita tano hivi. Waulize wale wanaotengeneza udongo wa majiko, wao ndio wanaojua mchanganyiko mzuri. Uache ukauke kivulini kwa siku nyingi, kisha uuwashie moto mdogo mdogo kwa siku kadhaa. Ukiukimbilia kwa moto mkali, maji yaliyomo udongoni yatageuka mvuke na kuupasua, vipande vikurukie usoni.

Wazee wetu walifua mikuki na majembe kwa mivukuto ya ngozi na matanuri ya udongo karne nyingi kabla ya mtungi wa gesi kuonekana. Anayejifunza leo kuligonga pasi jekundu juu ya fuawe ameushika uzi mrefu sana.

Lakini tanuri la makaa, liwe kubwa au dogo, halifanyiwi kazi chumbani. Makaa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo humlaza mtu usingizi asiamke.

Na ambayo haifai kabisa

Yako matumizi ambayo hata mtungi ulioshwa mara kumi haufai. La kwanza ni kuugeuza kuwa tangi la kompresa. Utaona katika baadhi ya vibanda vya kuziba pancha mtungi wa gesi umeunganishwa na mashine ya friji kuukuu, unajazwa upepo. Unyevu wa hewa hukusanyika ndani na kuila chuma pasipo kuonekana, na mtungi uliokwisha kutobolewa au kuchomelewa hauna tena uimara ule uliopimwa kiwandani. Siku utakayopasuka hautatoa notisi.

La pili ni kuufanya chombo cha kuchemshia maji kilichofungwa pande zote. Mvuke usio na pa kutokea utajitafutia njia. La tatu ni kuuchomelea na kuurudisha katika biashara ya gesi. Huo si ufundi bali ni uuaji, kwa kuwa anayeununua ataupeleka jikoni mwake na kuwasha kiberiti.

Wajibu wa nyumba nzima

Mambo haya si ya fundi pekee. Mama anayeona mtungi mbovu nyuma ya nyumba asimwachie mtoto auchezee au auuze kwa peremende. Baba anayekwenda na mwanawe karakanani wakati wa likizo, na ni vyema aende naye, amfunze usalama kabla ya kumfunza ufundi. Amvalishe miwani ya kukinga macho, viatu vya ngozi na nguo za pamba. Nguo za nailoni huyeyuka na kushika mwilini zikipata moto. Siku ya kufungua mtungi, mtoto abaki nyumbani.

Mtu akiungua, mtie maji safi ya bomba papo hapo kwa muda wa dakika 20, umfunike kwa kitambaa safi na kumkimbiza hospitalini. Usimpake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Na kila karakana iwe na ndoo za mchanga na kizima moto, mahali ambapo kila mtu anapajua.

Watu wetu wamezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Kwa mambo mengine huenda ni kweli. Hii ya mtungi ina kinga, na kinga yenyewe ni ya bei nafuu: maji, sabuni, msumeno wa mkono na siku mbili tatu za subira. Fundi aliye na hivyo vinne ataukata mtungi wake, atauuza jiko lake na jioni atarudi nyumbani na mikono yake yote miwili. Na yule aliyevikosa hata kimoja, auuze mtungi huo kwa wenye leseni, atafute chuma kingine.